Watu wa Conques Walirudisha Kila Kitu

Mimi nina mdomo, sikatai. Hapa Boito wote wananijua: Jerusa, Mama Aluoch, mjane wa Eliakim aliyekuwa fundi wa boila kiwandani. Nikijua jambo asubuhi, kufikia saa sita kituo kizima cha kununulia chai kinalijua. Kwa hiyo siku binti yangu Aluoch alipopata barua pepe kutoka Ufaransa, nilijitahidi sana kunyamaza. Nilinyamaza kutoka mlangoni mpaka getini.

"Mama, ni intavyu tu," Aluoch alinifuata mbio na ndala mguu mmoja. "Bado hawajanichukua."

"Wamekuandikia ama hawajakuandikia?"

"Wameandika, lakini..."

"Basi niache nipite."

Sikuwa na haja ya kuelezwa maana ya barua ile. Aluoch alisomea Kifaransa chuo kikuu, akakifundisha miaka sita katika shule moja ya wasichana, halafu shule ikafuta somo hilo na kumwambia asante. Akarudi nyumbani, akajifunga kikapu mgongoni, tukawa tunachuma chai pamoja. Kwa miaka miwili aliandika maombi ya kazi sehemu kumi na moja. Kumi ama zilinyamaza ama zilimpa pole. Ya kumi na moja ilikuwa nyumba ya kupokea mahujaji katika mji unaoandikwa Conques, ingawa wenyewe wanasema Konk. Walitaka mtu wa miezi saba, Aprili hadi Oktoba, wa kuwapokea mahujaji wanaofika kwa miguu, kuwaonyesha kitanda na kuwaeleza habari za mji.

Ana miaka thelathini na tatu. Siku moja kabla ya barua, tukiwa shambani, alikuwa amesema bila kuinua kichwa, "Mama, hii nayo wakikataa, nauza vitabu vyangu vyote vya Kifaransa." Nilijifanya sikusikia. Lakini niliogopa, maana mwanangu hasemi jambo mara mbili, na nilijua siku akiviuza vitabu vile atakuwa amejiuza na yeye.

Tulikuwa na siku kumi na mbili za kujiandaa. Mimi ndiye niliyekuwa Mfaransa. Aluoch aliniandikia maswali kwa herufi zangu za kawaida ili niweze kuyasoma: "Ki e Sent Fwa?" Nami nilikuwa nikiuliza kwa sauti kali, miwani puani, huku nikichambua maharagwe. Alijibu kwa Kifaransa, kisha kwa Kiswahili ili nijue kama amejibu au amenidanganya. Basi huo mji ukaniingia! Nilikuja kuwa mtu wa kuamka na Conques na kulala na Conques.

Ni mji mdogo, wakazi wake hawafiki mia tatu, umebandikwa ubavuni mwa kilima juu ya mto. Zamani za kati, miaka elfu moja iliyopita, watu walikuwa wakipita hapo kwa maelfu wakienda kwenye kaburi la Mtakatifu Yakobo kule Santiago, Hispania, na bado wanapita mpaka leo, kwa miguu, na mabegi mgongoni. Wanasimama Conques kwa sababu ya mtoto. Sent Fwa, sisi tunamwita Mtakatifu Fides, alikuwa msichana wa kama miaka kumi na miwili, aliyeuawa kwa ajili ya imani yake katika mji mwingine, Agen, enzi za Warumi. Masalia yake yakazikwa hukohuko Agen. Sasa yalifikaje Conques? Hapo ndipo nilipoweka maharagwe chini.

"Yaliibwa," Aluoch alisema.

"Na nani?"

"Na mtawa kutoka Conques. Masimulizi yanasema alienda Agen akaishi na wenzake wa huko miaka kumi, mpaka wakamwamini, wakampa kazi ya kulinda kaburi. Kisha mwaka 866 akachukua mifupa akatoroka nayo."

"Miaka kumi! Huyo si mwizi, huyo ni mfanyakazi."

Alhamisi hiyo niliipeleka habari hiyo kwenye jumuiya yetu ya Mtakatifu Monika. Tulipaswa kusali rozari. Tulibishana saa nzima. Mokaya, fundi wa simu pale sokoni na katibu wetu, alisimama kidete kwamba wizi ni wizi hata ukiwa na kanzu. Mama Kipkirui, yaani Chepchumba, jirani yangu kwa miaka arobaini sasa, ambaye shamba lake la chai limepakana na langu, akasema hapana, kwa Kiswahili chake kinachogeuza b kuwa p.

"Huyo msichana hakuwa hapendi kwenda," alisema. "Angekuwa hapendi, hiyo mifupa ingekuwa nzito. Ingekataa kubebwa kapisa."

Watu wakapiga makofi. Kuanzia siku hiyo jumuiya nzima ikawa imeingia Conques, na kila jioni mtu alikuja kwangu na swali. Wasichana wa kwaya walimpenda Fides walipojua kwamba, kwa hadithi za zamani, alikuwa akiwatokea mahujaji ndotoni akiwadai pete na bangili. Ndiyo maana sanamu yake ya dhahabu imejaa vito mpaka kwenye kiti. Wazee walipenda minyororo: wafungwa waliofunguliwa kwa maombezi yake walikuja kumwachia minyororo yao, na inasemekana wahunzi waliifua ikawa vizuizi vya chuma mle kanisani. Mokaya alipenda mlango. Juu ya mlango wa kanisa kuna Siku ya Hukumu iliyochongwa kwenye mawe karibu miaka mia tisa iliyopita, watu mia moja ishirini na wanne, walevi, wachoyo na maaskofu humo humo, na bado rangi za zamani zinaonekana hapa na pale. Pembeni kabisa, kwenye ukingo, kuna vichwa vidogo vinavyochungulia tu. Hawaokolewi wala hawahukumiwi. Wafaransa huwaita wadadisi wa Conques. Mokaya aliikuza picha yao kwenye simu akaituma kwa kila mtu.

Mimi nilipenda hazina. Wakati wa mapinduzi ya Ufaransa, serikali mpya ilikuwa ikichukua dhahabu za makanisa na kuziyeyusha. Watu wa Conques wakaiwahi. Waligawana sanamu na masanduku na misalaba, kila nyumba na kipande chake, wakazika bustanini, wakaficha kwenye vibanda walimokuwa wakikaushia matunda ya miti yao. Walikuwa maskini. Wangeweza kung'oa jiwe moja tu la thamani na hakuna ambaye angejua. Vurugu zilipopita wakarudisha. Hazina iko palepale mpaka leo, na ni chache zilizobaki namna hiyo duniani. Kila Aluoch aliposoma jibu hilo, mimi nilinyanyuka kwenda kuangalia moto. Hakuniuliza kwa nini, na moto ulikuwa unawaka vizuri.

Sasa nieleze kosa letu, maana lilikuwa kosa letu sote, si langu peke yangu kama Mokaya anavyotangaza.

Parokia yetu ina kwizi ya Biblia kila mwaka. Mtu mmoja wa jumuiya husimama mbele, wengine hukaa nyuma yake. Swali likiwa gumu, mwendeshaji husema, "Shaurianeni," na hapo kila mtu humnong'oneza mjibuji anachokijua. Mwaka jana tulishika namba mbili kwa kunong'ona tu. Kwa hiyo Aluoch aliposema intavyu ni Jumamosi saa nne, kwa video, mimi nilielewa ni kwizi. Kumwacha mtoto wa watu aende mbele ya Wafaransa peke yake, bila jumuiya nyuma yake? Tungeonekana watu wa namna gani?

"Mama, nisikilize," Aluoch aliniambia asubuhi hiyo akinishika mabega yote mawili. "Sebuleni nisione mtu. Hata kuku asiingie."

"Hutaona mtu," nikasema. Na ilikuwa kweli, kwa sababu sebule yangu imegawanywa katikati kwa pazia.

Saa tatu na nusu walikuwa wamefika kumi na wawili, wakipitia mlango wa jikoni na viti vyao, kimya utadhani wanaingia ibada ya Ijumaa Kuu. Mokaya alikuja na simu mbili za kutoa netiwaki, moja ikishindwa nyingine ichukue. Chepchumba alikuja na kibuyu cha mursik, yale maziwa yao ya kugandisha, kwa ajili ya baadaye, akaketi karibu nami. Roho ilikuwa inanidunda mpaka niliogopa itasikika Ufaransa.

Wakatokea kwenye kompyuta wawili. Niliwachungulia kupitia kitundu cha pazia. Mmoja alikuwa mama wa makamo mwenye nywele fupi nyeupe na miwani ya kamba, anaitwa Madamu Odile. Wa pili alikuwa bruda kijana mwenye kanzu nyeupe. Waliongea Kifaransa tupu, na Aluoch wangu akakirudisha! Siku zote nilikuwa nimemsikia akijibu mtu anayechambua maharagwe. Sasa alikuwa akijibu wenyewe, na wenyewe wakiitikia kwa kichwa. Nilisikia Sent Fwa ikipita. Nikasikia Agen ikipita. Bruda alipocheka, nikajua tumefika kwa mtawa mwizi. Nikambana Chepchumba paja, naye akanibana mkono.

Kisha Madamu Odile akauliza swali refu, na ndani yake nikasikia neno ambalo nilikuwa nimelisoma mara hamsini: trezoo. Hazina! Aluoch akajibu vizuri, haraka, kama tulivyozoea. Madamu akauliza tena. Hazina ilikuwemo tena, lakini maneno mengine sikuyajua.

Aluoch akanyamaza.

Nilihesabu moja mpaka kumi. Bado amenyamaza. Nikaona anavuta ncha ya sikio lake, na nikajua mtoto amesahau. Miezi ya kuandika, miaka miwili ya kikapu, vitabu vya kuuzwa, vyote vimesimama hapo kwa sababu ya neno moja alilolisahau na ambalo mimi nalijua! Nikanong'ona kwa nafasi ya pazia, "Bustanini. Walizika bustanini."

Chepchumba akaongeza, "Na kwa vile vipanda vya kukausha."

"Mwambie wakati wa mapinduzi!" Mokaya akasema, na huyo hajui kunong'ona. Basi wote kumi na wawili wakafunguka, huyu minyororo, huyu mia moja ishirini na wanne, dada mmoja wa kwaya akitaja bangili.

Aluoch alifumba macho. Hakugeuka. Madamu Odile akasogeza uso karibu na kioo, akasema jambo fupi, bila tabasamu. Hata asiyejua Kifaransa angelielewa: nani yupo hapo?

Nikatamani ardhi inimeze na kiti changu.

Aluoch alisema polepole kwa Kiswahili, bila kunitazama, "Wanadhani kuna watu wananisaidia majibu. Wanataka kuwaona." Kisha akanyanyuka, akashika pazia na kulivuta lote. Akageuza kompyuta. Wafaransa wakatuona: watu kumi na watatu kwenye viti vya plastiki, wengine wamesimama nyuma, kibuyu katikati, vichwa vyote vimeinamishwa mbele.

Halafu yule bruda akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika meza, akisema neno moja tena na tena, na Mokaya, ambaye hajawahi kusoma Kifaransa hata siku moja, akaruka juu: "Wadadisi! Anasema sisi ndio wadadisi wa mlangoni! Nililiona kwa ile picha!"

Lakini Madamu Odile hakucheka. Alimwambia Aluoch jambo, na Aluoch akatugeukia, uso umemshuka.

"Hakuniuliza walificha wapi," alisema. "Hilo nilishajibu. Aliuliza kwa nini walirudisha. Watu maskini, dhahabu iko mikononi mwao, hakuna anayehesabu. Anasema kila hujaji huuliza hivyo, na jibu la kitabuni huwa haliwatoshi. Mimi sina jibu lingine. Ndiyo maana nilinyamaza." "Sasa anasema, kwa vile mmekuja, labda ninyi mnalo."

Watu kumi na wawili waliokuwa na majibu yote wakatazama sakafu.

Mimi nilikuwa nalo. Nilikuwa nalo miaka thelathini na zaidi, na nilikuwa nimeapa sitalitoa mbele ya mwanangu. Nikamtazama usoni, nikaona vitabu vinauzwa. Nikasimama.

"Tafsiri," nikamwambia.

"Mama..."

"Mimi nimesema tafsiri!"

Nikaanza. Nikasema mwaka wa tisini na mbili, wakati wa vita vya makabila, habari ilifika kwamba sisi tuliotoka upande wa ziwa tuondoke. Chepchumba alikuja kwangu anakimbia, mchana, akasema msingoje kesho. Tukapanda lori la mahindi, mimi na Eliakim, na nguo tulizovaa. Aluoch alikuwa akitafsiri sentensi baada ya sentensi, sauti yake imetulia. Nikasema, "Na mimi nilikuwa na mimba ya miezi saba, ya huyu anayetafsiri."

Sauti ikakatika.

"Mama, uliniambia mlienda Nyakach ili nizaliwe kwa nyanya."

"Na ulizaliwa kwa nyanya. Endelea."

Akaendelea, lakini sasa alikuwa akinitazama mimi, si kioo. Nikasema jinsi Chepchumba na mumewe walivyoivua nyumba yetu kabla wengine hawajafika. Walitoa mabati yote ishirini na manne wakayalaza chini ya majani ya ng'ombe. Cherehani yangu waliifunga kwa gunia wakaizika kati ya mistari ya chai yao, na mtu alipouliza kwa nini udongo ni mpya, Chepchumba akasema wamezika ndama. Sufuria, kitanda, vyeti vya Eliakim vya kiwandani, picha ya harusi. Tulikaa miezi tisa. Tuliporudi na mtoto mgongoni, tulikuta mahali pa nyumba pameota magugu, na kabla sijalia, Chepchumba akaanza kuleta. Alileta siku mbili mfululizo. Alirudisha mpaka nusu mche wa sabuni, umefungwa kwa gazeti.

"Nilimuuliza kwa nini," nikasema. "Akaniambia, sasa nifanye nini na sabuni yako? Hilo tu. Hiyo ndiyo sababu ninayoijua. Vilikuwa vyangu, na alikuwa ananingoja. Mwambie Madamu watu wa Conques walikuwa wanamngoja yule msichana wao. Walirudisha kila kitu, na huyu hapa alirudisha kila kitu."

Aluoch alitafsiri mpaka mwisho huku machozi yanamtoka na hayafuti. Bruda alikuwa ameacha kucheka zamani. Nikataka kukaa, nimeridhika na nafsi yangu kupita kiasi, na hapo Chepchumba akakohoa.

"Hiyo si ukweli yote, Mama Aluoch."

"Nyamaza," nikamwambia chinichini.

"Inaenda Ufaransa. Siwezi kuacha iende uongo." Akasimama, mama wa miaka sabini na mbili, akaelekea kompyuta kama anayetoa ushuhuda kanisani. "Sikurudisha yote. Kulikuwa na kuku tatu na jogoo. Walikuja watu sita kutafuta mali ya hawa. Walikuwa na hasira. Nikawaambia wakae kwanza wakule. Nikawapikia hao kuku wote na ugali. Wakakula, wakashiba, wakachoka. Wakaenda. Hawakutafuta kwa chai."

Nilimkonyeza Aluoch kwa nguvu. Acha, usiitafsiri hiyo, nimeshasema kila kitu, usiniharibie! Aluoch aliniona. Akageuka kwenye kioo akaitafsiri yote. Niliwaona hata kuku, maana aliwahesabu kwa vidole.

Chepchumba hakukaa. "Miaka yote unanishukuru mbele ya watu," aliniambia. "Na mimi naogopa utaniuliza kuku zilienda wapi. Maana wale sita nawajua. Wengine wako hai. Mmoja ni wa nyumba yetu. Kama unataka, leo nitakuambia ni nani."

Mokaya aliishusha simu. Aluoch hakutafsiri; alinitazama tu. Nami nilitaka kujua. Nisidanganye, nilitaka kwa moyo wote. Ningejua ni nani wa kumpita njiani bila salamu, ni nani nimpe kisogo kwenye amani ya Kristo, na mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka.

"Walikuwa watamu?" nikauliza.

"Nini?"

"Kuku wangu. Walikuwa watamu angalau?"

"Walikuwa wagumu kapisa," akasema. "Kuku yako ilikuwa mizee. Nilichemsha mpaka kuni ikaisha."

Nani alianza kucheka sijui. Nilicheka huku nalia, Chepchumba akaniangukia begani, wasichana wa kwaya wakashikana, na Aluoch akawa anajaribu kutafsiri kuni na uzee wa kuku huku kicheko kinamkatiza. Madamu Odile alivua miwani yake akaifuta. Kisha akamuuliza Aluoch jambo. Aluoch akajibu kwa maneno machache. Madamu akaongea tena, kwa muda mrefu, na bruda akawa anaitikia kwa kichwa.

"Anasema nini?" nikapiga kelele. Uvumilivu wangu ulikuwa umekwisha. "Wewe msichana, anasema nini?"

"Ameuliza kwa nini sikuiacha ile ya kuku." Sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Alikuona ukinikonyeza, Mama."

"Yesu wangu. Na ukasema nini?"

"Nikasema Kogo Chepchumba alitaka ifike kwake Madamu." "Anasema mahujaji hufika wamechoka na huanza kusema mambo ambayo hawajawahi kumwambia mtu. Anasema wanaojua tarehe amewapata wengi. Alikuwa anatafuta mtu asiyekata maneno ya watu."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nifike kabla ya tarehe moja Aprili."

Basi hapo hakukuwa na jumuiya tena, kulikuwa na soko. Vigelegele vilitoka mlango wa mbele na wa nyuma kwa wakati mmoja. Kiti kimoja kilivunjika, nadhani ni cha Mokaya, na mwenyewe alikuwa juu ya meza akiwapigia Wafaransa saluti. Bruda alikuwa anapiga makofi kule kwao. Chepchumba alifungua kibuyu akamimina mursik kwenye kikombe, akakinyanyua mbele ya kioo ili Madamu aone anachokikosa. Mimi nilikuwa nikiruka na goti langu bovu, nikiita jina la Eliakim.

Walipoaga na kioo kikawa cheusi, Aluoch alibaki amesimama. Alinijia karibu.

"Kwa nini hukuniambia?"

Ningeweza kumwambia nilisahau. "Kwa sababu ungekua ukihesabu," nikasema. "Kila mzee unayemsalimia njiani, ungejiuliza huyu alikuwa upande gani. Nilitaka usalimie watu wote."

Alijifuta uso kwa mkono wa blauzi yake, akanipita mimi mamake, akapita katikati ya watu wote waliokuwa wakimvuta kumpongeza, mpaka pale Chepchumba alipokuwa ameketi na kikombe chake. Amemsalimia mama huyo kila asubuhi tangu ajue kusema. Akapiga magoti, akampa mikono yote miwili, akamsalimia upya, polepole, kwa jina lake lote, kama mtu anayekutana naye mara ya kwanza. Chepchumba aliuweka mkono wake juu ya kichwa cha mwanangu na kuuacha hapo, na hakuna aliyethubutu kuwaingilia.